Mkate wa Ireland usiojua hamira

Mwulize Mwairishi chakula cha kwao ni kipi, hatachelewa kukutajia mkate wa soda: mkate wa mviringo, mzito kidogo, wenye ganda gumu na msalaba uliochanjwa juu kwa kisu. Atakwambia bibi yake aliupika, na bibi wa bibi yake pia. Ukirudi nyuma vizazi viwili vitatu zaidi ya hapo, hesabu inaanza kugoma. Soda inayouumua mkate huo, si ile ya kunywa bali ule unga mweupe wa bikaboneti, ni bidhaa ya kiwandani, na jikoni kwa watu wa kawaida wa Ireland ilianza kuingia miaka ya 1830. Kwa hiyo mkate huu wa "tangu na tangu" haujafikisha hata miaka mia mbili. Kabla yake Waairishi walikula mkate kwa maelfu ya miaka, ila ulikuwa mkate mwingine kabisa.

Wapishi wengi huishia hapo, wanacheka kidogo kwamba jadi imeumbuka, wanaendelea na mapishi. Mimi jambo linalonivuta ni lile linalofuata. Iweje nchi nzima iruke hamira, ikumbatie unga mweupe wa dukani uliotoka kiwanda cha kemikali, na ndani ya maisha ya mtu mmoja iwe imesahau kwamba kitu hicho ni kigeni? Ukitafuta sababu moja hutaipata. Kuna mvua, kuna siagi, kuna chungu cha chuma, kuna njaa iliyoua watu milioni moja, na kuna kijana wa Dublin aliyevuka bahari kwenda Liverpool. Nyuzi hizi zimefungana, na namna nzuri ya kuzifungua ni kuanza na ile ya zamani kuliko zote.

Mvua ilivyochagua nafaka

Mvua ya Ireland haina ukali wa masika yetu. Ni manyunyu yasiyokatika, ukungu, mawingu yaliyoshuka mpaka kwenye mapaa. Ngano inayotaka kukomaa vizuri kwa mkate inahitaji wiki kadhaa za jua kavu, na jua hilo kule huja kwa msimu wa bahati. Ngano iliyoota hapo ilikuwa laini, yenye protini kidogo.

Ulaini huo una maana kubwa kwa mwokaji. Ukikanda unga wa chapati kwa muda, unaona unaanza kuvutika kama mpira. Utando ule unaitwa gluteni, na hutokana na protini ya ngano. Hamira inapokula sukari iliyomo kwenye unga hutoa gesi polepole, kwa saa nyingi, na gluteni ndiyo inayoikamata gesi hiyo kama puto linavyokamata hewa. Ngano laini ina puto dhaifu. Unaumua saa tatu, unga unapanda kidogo, kisha unabweteka. Mkate wa kuumuliwa ulikuwapo Ireland, mijini, kwenye nyumba za watawa na kwa wenye mali, na waliuumua kwa povu lililokusanywa juu ya pombe ya nafaka inapochachuka. Mkulima wa kawaida hakuwa na ngano hiyo wala nafasi hiyo.

Alichokuwa nacho ni oti. (Kamusi zetu nyingine huiita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, na Mwairishi alizilima zote mbili. Nitabaki na oti.) Oti haichagui hali ya hewa, huvumilia baridi na udongo tindikali, na hukomaa hata kiangazi kikiwa cha mawingu. Kasoro yake ni kwamba haina gluteni ya kushika gesi, kwa hiyo mkate wake haupandi hata uufanye nini.

Basi mkate wa kale wa Ireland ulikuwa bapa. Kwanza nafaka ilikaushwa juu ya tanuri la mawe, kwa sababu mvua ilifanya punje ziingie ghalani zikiwa bado na unyevu, na punje mbichi husagika zikawa donge. Kisha ilisagwa. Vinu vya maji vilikuwapo mapema sana: kile cha Nendrum, kwenye ghuba ya Strangford, kilichoendeshwa na maji kupwa na kujaa, kilijengwa mwaka 619, na mbao zake zimepimwa mpaka mwaka huo ukajulikana. Hata hivyo, nyumba nyingi za mashambani ziliendelea kwa karne nyingi kusaga kwa mawe mawili ya mviringo, la juu likizungushwa kwa mpini wa mti. Unga uliopatikana ulichanganywa na maji ya moto, chumvi na mafuta kidogo, ukatandazwa mwembamba, ukapashwa juu ya jiwe au chuma cha moto. Baadaye ulisimamishwa mbele ya moto ukiegemea kibao au kijiti chenye miguu, mpaka ukakauka kabisa.

Kukauka huko ndiko kulikokuwa na thamani. Mkate wa oti uliokaushwa vizuri hukaa wiki nyingi bila kuota ukungu, hata kwenye nyumba yenye unyevunyevu. Watu waliofunga safari ya meli kwenda Amerika walioka mikate hii mara mbili tatu, ikawa migumu kama vigae, wakaipakia sandukuni kwa ajili ya majuma ya baharini.

Na tusidhani mkate ulikuwa jambo dogo kwao. Sheria za kale za Kiairishi, zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8, ziliupangia mkate viwango. Zinataja mkate wa mwokaji mwanamume na mkate wa mwokaji mwanamke, ule wa kwanza ukiwa na ukubwa mara mbili ya wa pili, ili mpangaji anayemlipa bwana wake kwa chakula asije akaleta kimkate cha kitoto akadai amelipa deni.

Siagi ikasafiri, mtindi ukabaki

Mvua ile ile iliyoikatalia ngano iliipenda sana majani. Ireland ni nchi ya ng'ombe tangu zamani, na ng'ombe kwao alikuwa mali, fedha na sifa. Karne ya 18 siagi yake iligeuka biashara ya dunia. Mwaka 1770 wafanyabiashara wa Cork walianzisha soko la siagi ambalo lilikuja kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mapipa yalipimwa, yakapewa daraja, yakapakiwa melini kwenda Uingereza, Ulaya na visiwa vya Karibi.

Sasa, kila anayesuka maziwa anajua kwamba siagi ikishatoka kuna kitu kinabaki kwenye kibuyu. Kiswahili cha wazee kinakiita mtindi: maziwa yaliyochachuka na kutolewa siagi, mepesi, yenye uchachu wa kupendeza. Siku hizi dukani neno hilo limepanuka, likawa kila maziwa ya mgando yaliyofungwa kwenye pakiti, lakini hapa ninaomba turudi kwenye maana ya kwanza. Siagi ilikuwa fedha ya kodi, ikaondoka nyumbani. Mtindi haukuwa na soko la mbali, ukabaki. Nyumba za mashambani za Ireland zilikuwa na mtindi mwingi, kila wiki, karibu bure. Uliliwa pamoja na viazi, ulinywewa shambani, walipewa nguruwe. Kiungo kimoja cha mkate wa soda kilikuwa tayari kimejaa ndani ya nyumba, kikimsubiri mwenzake.

Kabla mwenzake hajafika, maskini wengi walikuwa hawaoki mkate kabisa. Hili husahaulika. Kufikia miaka ya 1840, takriban theluthi moja ya Waairishi waliishi karibu kwa viazi peke yake. Kibarua mzima aliweza kula kilo tano na zaidi kwa siku, kwa mtindi na chumvi, na kwa kweli mlo huo ulimjenga mwili vizuri. Oti na ngano alizolima zilikwenda kulipia kodi ya shamba. Unga ulipoingia nyumbani kwake, mara nyingi ulikutana na viazi. Kaskazini walichanganya viazi vya kuponda na unga kidogo, wakakaanga bapa juu ya chuma. Kule Leitrim, Cavan na Fermanagh walikuwa na mkate uitwao boxty, ambao nadhani unastahili makala yake peke yake. Viazi vibichi hukwaruzwa, hukamuliwa kwenye kitambaa, maji yake yanaachwa yatulie mpaka wanga ushuke chini, kisha wanga huo unarudishwa na kuchanganywa na viazi vya kuponda na unga. Kikwaruzio kilitengenezwa nyumbani: kipande cha bati kikatobolewa kwa msumari, upande wenye meno ndio unaokwaruza. Mtu yeyote aliyekulia kijijani kwetu ameshakiona kifaa hicho.

Njaa na mahindi

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi. Ulirudi mwaka uliofuata ukiwa mkali zaidi. Kufikia 1852 takriban watu milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi yake, na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Nafaka na siagi ziliendelea kupakiwa melini. Sitaeleza siasa zake hapa, ingawa kila mara ninapoisoma habari ya mapipa ya siagi yakiteremka bandarini wakati huo, nashindwa kuendelea na ukurasa upesi.

Kwa upande wa mkate, njaa ile ilileta kitu tunachokijua sisi kuliko wao. Novemba 1845 Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza kimyakimya mahindi kutoka Marekani yenye thamani ya pauni 100,000. Mahindi hayo yalikuwa ya punje ngumu, na vinu vya Ireland vilivyozoea oti vilishindwa kuyasaga vizuri. Walioyapokea hawakuwahi kuyaona. Hakuna aliyewafundisha kwamba unga wa mahindi unataka moto wa kutosha na mkono usiochoka. Waliokuwa na njaa kali waliula haujaiva, tumbo likawakata vibaya. Wakaubatiza jina: kiberiti cha Peel. Kiberiti kwa maana ya salfa, lile jiwe la njano lenye harufu ya jehanamu.

Miaka ikapita, wakajifunza. Unga wa njano ukawa uji wa kila siku wa nyumba maskini za magharibi, na baadhi ya akina mama wakaanza kuuchanganya na unga wa ngano kwenye mkate. Viazi vilirudi shambani, lakini havikurudi kuwa chakula pekee. Nafasi iliyoachwa wazi mezani ilihitaji kujazwa. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilishuka bei, reli na meli za mvuke zikaisambaza, na duka la kijijini likawa na vitu vitatu ambavyo mkulima wa 1840 aliviona kwa nadra: majani ya chai, unga mweupe wa ngano, na kikopo cha soda.

Mtoto wa Dublin na chumvi ya Liverpool

James Muspratt alizaliwa Dublin mwaka 1793. Mwaka 1823, akiwa Liverpool, alianza kutengeneza soda kwa wingi kwa njia iliyobuniwa na Mfaransa Nicolas Leblanc: chumvi ya kawaida hugeuzwa kwa asidi ya salfa, kisha huchomwa pamoja na makaa ya mawe na chokaa. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilipunguza sana kodi ya chumvi, na miaka miwili baadaye ikaifuta. Chumvi ikawa rahisi, soda ikawa rahisi. Wateja wake wa kwanza walikuwa watengeneza sabuni na vioo. Mkate haukuwa kwenye mawazo ya mtu. Moshi wa viwanda hivyo uliunguza miti na mazao ya majirani, na Muspratt aliburutwa mahakamani zaidi ya mara moja.

Soda hiyo ya kufulia ikipitishwa kwenye gesi ya kaboni dayoksaidi hugeuka kuwa bikaboneti, unga mlaini usiochoma ulimi. Huo ndio uliofika jikoni. Sisi tuna ndugu yake wa asili: magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni mchanganyiko wa soda zote mbili, ya kufulia na ya bikaboneti, ulioganda wenyewe kwenye jua. Ndiyo maana kijiwe kidogo cha magadi hulainisha maharage, na ndiyo maana ukizidisha, chungu kizima kinanuka sabuni. Wamarekani nao walitangulia kwa njia nyingine: miaka ya 1790 walikuwa tayari wanaumua keki kwa chumvichumvi iliyochujwa kwenye majivu ya kuni, kazi ambayo akina mama wa magharibi mwa Kenya huifanya mpaka leo kwa ajili ya mboga za majani.

Kanuni yake ni nyepesi. Mtindi una asidi iitwayo laktiki, ndiyo inayoufanya uchachuke. Bikaboneti ikikutana na asidi, gesi hutoka papo hapo. Weka kidogo kwenye kikombe, mimina mtindi, utaona unavyofura. Mapovu hayo ndiyo mkate unaopanda, na hayasubiri mtu. Tofauti na hamira, ambayo hutoa gesi yake taratibu na inataka utando wenye nguvu wa kuishika kwa saa nyingi, soda humaliza sehemu kubwa ya kazi ndani ya dakika chache. Gluteni nyingi haihitajiki, na ukikanda sana unaufukuza upepo uliokwisha ingia.

Sasa tazama jinsi nyuzi zinavyokutana. Ile ngano laini iliyokuwa kasoro kwa hamira ikawa ndiyo inayofaa hasa. Ule mtindi uliobaki baada ya siagi kwenda Cork ukawa nusu ya dawa. Nusu nyingine ikauzwa dukani kwa senti chache, na kwenye kikopo kikavu ilikaa miezi bila kufa, tofauti na chachu inayotaka kulishwa na kulindwa na baridi kama kifaranga. Nami naona kuna jambo moja lililozidi yote haya kwa uzito: muda. Mwanamke aliyekuwa na watoto saba, ng'ombe wa kukamua na viazi vya kupalilia aliweza kuanza mkate maji ya chai yakiwa motoni, na ukaiva kabla wanaume hawajarudi kutoka shambani. Wanaosifu mapishi ya zamani husahau nani alikuwa amesimama jikoni.

Moto juu, moto chini

Nyumba ya mkulima haikuwa na tanuri la kuokea. Ilikuwa na meko sakafuni, ukutani, na moto wa piti. Piti ni udongo mweusi wa vinamasi, mabaki ya mimea yaliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza vizuri. Hukatwa vipande kama matofali wakati wa kiangazi, huanikwa, hupangwa tuta kando ya nyumba. Huwaka bila haraka, kwa harufu tamu, na usiku makaa yake hufunikwa kwa majivu ili asubuhi yafukuliwe yakiwa hai. Ziko nyumba zilizojivunia kwamba moto wao haujazimika kwa vizazi.

Juu ya moto huo ulining'inia mkono wa chuma unaozunguka, na kwenye mkono huo chungu cha chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, chenye miguu mitatu mifupi, kitako bapa na kifuniko kizito. Vyungu vya namna hii vilienea baada ya Mwingereza Abraham Darby kupata hataza ya mwaka 1707 ya kumwaga chuma kwenye mchanga, ambayo ilivifanya viwe vyepesi na rahisi. Kusini mwa Ireland chungu cha mkate kiliitwa bastible, jina ambalo husemekana lilitoka Barnstaple, mji wa Uingereza kilikotoka.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana kilichofuata, kwa sababu ndivyo mkate wa kumimina unavyookwa: makaa chini, makaa mengine unayapalia juu ya kifuniko. Tofauti ni kwamba wao walitumia piti na chungu kizito zaidi.

Hebu tumwangalie mwokaji. Anamimina unga kwenye beseni kwa konzi, hana mizani wala kikombe cha kipimo. Anatia chumvi. Soda anaimimina kwenye kiganja cha mkono wa kushoto na kuisaga kwa dole gumba la kulia, kwa sababu inapenda kushikamana, na kibonge kimoja kikipita salama kitaacha doa la rangi ya njano na ladha ya sabuni katikati ya mkate. Anaipitisha mikononi pamoja na unga, akiuinua juu na kuuachia uanguke, upate hewa. Anachimba shimo katikati, anamimina mtindi karibu wote kwa mara moja, na kwa vidole vilivyotanuliwa kama reki anazunguka kutoka katikati kwenda kando. Mizunguko michache tu. Donge linashikana, bado lina unyevunyevu, halijalainika. Analigeuza ubaoni, analipapasa kuwa mviringo wa unene wa vidole vitatu vinne, analichanja msalaba mzito, analiingiza chunguni. Kama alikuwa na wasiwasi na joto, alikuwa amenyunyiza unga kidogo kwenye kitako kwanza: ukigeuka kahawia taratibu, sawa, ukiungua papo hapo, subiri. Anafunika. Anachukua makaa kwa koleo, moja moja, anayapanga juu ya kifuniko.

Baada ya dakika arobaini na tano hivi, au saa nzima kama mkate ni mkubwa, anautoa, anaugeuza na kuugonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma tupu umeiva. Anaufunga kwenye kitambaa ili ganda lisiwe gumu kupita kiasi, anauegemeza dirishani.

Kaskazini, upande wa Ulster, hawakuoka hivyo. Wao walitandaza donge juu ya chuma bapa, kama cha chapati lakini kizito zaidi, wakalikata pande nne na kuzipika kila upande, hata kingo zake. Kila kipande huitwa farl, neno lililotokana na "robo". Huko hakuna ganda la kusifia. Kuna mkate mlaini wa kupasuliwa katikati na kupakwa siagi, na kesho yake, ukishakauka, kukaangwa kwenye mafuta ya nyama ya nguruwe. Mkate wa soda hukauka upesi, ni kweli. Ndiyo sababu uliokwa kila siku, na siku za mavuno, majirani wakija kusaidiana, uliokwa asubuhi na jioni.

Kuhusu msalaba, utaambiwa ni baraka, utaambiwa pia ni kuwafungulia mlango wale viumbe wadogo wa hadithi za Kiairishi watoke, wasije wakauharibu mkate. Kiswahili chetu kina neno moja, ngano, kwa nafaka na kwa hadithi, na hapa yote mawili yamo kwenye donge moja. Kisu chenyewe kina kazi ya kawaida kabisa: katikati ya mkate mnene joto huchelewa kufika, na mchanjo huufungua. Pia hurahisisha kuumega sehemu nne bila kisu kingine.

Ukitaka kujaribu: unga nusu kilo, kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kimoja cha bikaboneti kilichosawazishwa kwa kisu, mtindi mililita 400, tanuri la nyuzi 220 likishuka mpaka 200. Mara yangu ya kwanza nilizidisha soda, nikidhani itaumuka zaidi. Ikatoka na rangi ya kijanikijani na harufu ya siku ya kufua. Mara ya pili nilikanda kwa juhudi zote kama ninayeandaa chapati za Idi, nikapata tofali. Ya tatu niliiacha ikiwa na sura mbaya, yenye nyufa na unga usiosawazika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mkate.

Mweupe wa wageni

Jambo moja limepinduka. Leo ukiingia mgahawani Dublin, mkate wa soda wa unga usiokobolewa, wenye pumba, ndio wenye heshima na bei. Zamani ulikuwa wa kila siku, na mweupe ulikuwa wa Jumapili, wa padri, wa ndugu aliyerudi kutoka Marekani. Zabibu kavu ziliingia kwa nadra. Mkate mtamu wenye mayai, sukari, siagi na mbegu za karawai, unaouzwa Marekani kila Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki wa Ireland, kwa jina la mkate wa Ireland, ungemshangaza sana mwanamke niliyemweleza hapo juu. Angeuita keki. Ingawa, kusema kweli, hata wake mwenyewe aliuita keki. Mashambani, mkate ulionunuliwa ndio ulioitwa mkate.

Unga ulinunuliwa kwa magunia makubwa ya kitambaa cha pamba, na gunia tupu halikutupwa. Lilifuliwa na kuchemshwa mpaka maandishi ya kinu yakafifia, likawa shuka, aproni, nguo za ndani za watoto. Maandishi hayakufifia yote kila mara.

Mwaka 1937 hadi 1939, Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi, kutoka shule zipatazo 5,000, wakawaulize wazee wa vijiji vyao mambo ya zamani na kuyaandika kwenye daftari. Mkate wa nyumbani ulikuwa miongoni mwa mada. Watoto wakaleta habari za mawe ya kusagia, mkate wa oti uliosimamishwa mbele ya moto, boxty na vikwaruzio vya bati, unga wa njano, msalaba juu ya keki. Kwenye kurasa hizo vitu vya vipindi tofauti kabisa vimekaa pamoja kama watu wa familia moja pichani. Hesabu inaeleza kwa nini: mzee wa miaka themanini mwaka 1937 alizaliwa 1857, njaa imepita, kikopo cha soda kiko tayari kwenye rafu ya mama yake. Kwake, oti ilikuwa ya zamani na soda ilikuwa ya zamani. Hakudanganya. Alisimulia kuanzia pale kumbukumbu yake ilipoanzia, na mjukuu akaandika.

Umeme ulianza kupelekwa mashambani mwaka 1946, jiko la tanuri likafuata nyumba kwa nyumba, na meko ya piti yakaanza kuzibwa. Soda, mtindi na kisu cha msalaba vilihamia kwenye tanuri jipya bila shida. Chungu ndicho kilichokosa kazi. Ukipita barabara za vijijini za Ireland leo utakiona kando ya mlango wa mbele, kimepakwa rangi nyeusi, bado kimesimama kwa miguu yake mitatu, kimejaa udongo na maua, na kifuniko hakijulikani kilipo.